Neno la Bibi Rut wa Chhindwara

Léontine alipohamishiwa ghorofa ya pili ya nyumba ya wazee kule Farsta, Sweden, mwezi wa Oktoba 2009, wenzake walimwonya kuhusu mtu mmoja tu, bibi wa chumba namba sita.

"Huyo anang'ata," Muthoni, Mkenya aliyekuwa muuguzi wa ghorofa hiyo, alimwambia Léontine, akimwita kwa jina la binti yake. "Si kila siku. Lakini ukimwona ameanza kuficha vitu, kaa mbali na meno yake, Mama Précieuse."

Bibi mwenyewe alikuwa na mwili wa msichana wa darasa la tano. Ngozi yake ilikuwa nyeusi, nywele nyeupe pe, na kwenye vifundo vya miguu alikuwa na nukta za buluu alizochanjwa utotoni. Karatasi zake zilimwita Rut Uikey, mzaliwa wa India, mwaka 1926. Hakuolewa, hakuzaa. Alifanya kazi ya udobi katika hospitali mpaka akastaafu. Palipoandikwa ndugu wa karibu palikuwa patupu, na mtu wa kupigiwa simu alikuwa Gunvor Hedlund wa mjini Gävle.

Kiswidi alikisema vizuri kwa zaidi ya miaka hamsini. Kisha ugonjwa wa kusahau ukamwingia, na katika muda wa miaka miwili Kiswidi chote kikamtoka, mpaka hata neno la kuombea maji hakuwa nalo tena. Mahali pake palikuja maneno mengine, mafupi na ya haraka, ambayo hakuna mtu aliyeyajua. Kwenye daftari la zamu waliandika kila siku neno lile lile: anabwabwaja.

Léontine hakukubali. Alikulia Kivu, katika nyumba yenye lugha nne: Kitembo cha mama yake, Mashi ya majirani, Kiswahili cha sokoni na Kifaransa cha masista. Sikio lake lilijua lugha inavyosikika hata asipoielewa. Mtu anayebwabwaja harudii sentensi ile ile kwa mpango ule ule, lakini Bibi Rut alirudia. Na lilikuwapo neno moja alilolirudia kuliko yote.

"Mars," alikuwa akisema huku amemkamata Léontine mkono wa koti. "Mars, mars."

Kwa Kiswidi hilo ni jina la mwezi wa tatu. Hata kwa Kifaransa ni hivyo hivyo. Basi wafanyakazi walikuwa wakimjibu kwa upole, "Hapana, Rut, sasa ni Oktoba." Naye alikuwa akiwatazama jinsi mtu anavyomtazama mpumbavu ambaye nyumba yake inaungua naye anaulizia chumvi.

Wiki ya pili Léontine aliona kwa macho yake lile aliloonywa. Kjell, mtu wa matengenezo, aliingia chumba namba sita kubadilisha taa. Alikuwa mzee wa miaka sitini, mpole, mwenye kuvaa suruali na jaketi la kijani kibichi, na funguo nyingi zikiningʼinia kiunoni. Bibi Rut alisikia funguo kabla mlango haujafunguka. Akachukua kitana chake cha mbao, kisu cha mbao cha kupakia siagi, na kijiko cha mbao alichokuwa nacho tangu zamani, akavisukuma vyote chini ya blanketi na kuvilalia. Léontine alipomwinamia kumtuliza, akang'atwa kiganja.

"Sijui nilimkosea nini," Kjell alisema akiwa koridoni, uso wake umeshuka. "Miaka miwili sasa. Mimi hata sauti simpandishii."

Jioni ile daktari aliongeza kidonge cha kumtuliza. Bibi alilala siku mbili mfululizo, mdomo wazi, na Léontine alipomwogesha aliona amekuwa mwepesi kama nguo iliyokauka kambani.

* * *

Gunvor Hedlund alikuwa akija mara moja kwa mwezi kwa treni. Alikuwa mwalimu mstaafu wa miaka sitini na miwili, mrefu, mwenye sauti ya chini. Mwanzoni mwa Novemba alikuja na albamu ya picha, na Léontine, aliyekuwa akimlisha Bibi Rut uji, alimwuliza waziwazi: huyu bibi ni nani hasa?

"Ndiye aliyenilea," Gunvor alisema. "Baba yangu alikuwa mmisionari katika wilaya ya Chhindwara, katikati ya India. Rut alikuwa yatima, alilelewa kwenye bweni la misheni. Sisi tuliporudi Sweden mwaka 1953, alikuja nasi ili atutunze mimi na kaka yangu. Tulipokua, akabaki. Hakurudi tena."

"Ni Mhindi wa kabila gani?"

"Mgondi. Ni watu wa msitu wa kule, waliokuwako kabla ya wote."

Akafungua albamu, na kwa nusu saa nzima alisimulia, macho yake yakiwa mbali. Alisimulia milima ya Satpura inayojipanga mmoja nyuma ya mwingine hadi ule wa mwisho unafanana na moshi. Alisema jina la wilaya limetokana na mikindu iliyoota kila bonde, na juu ya kilima cha Deogarh yapo magofu ya ngome ya wafalme wa Kigondi, na mabirika yao ya mawe yalikuwa bado yanashika maji alipokuwa mtoto. Misaji ilijaa milimani, na wakati wa joto ilipukutisha majani yote, makubwa kama sahani, hata mtu akipita kilima cha pili unamsikia hatua zake. Mvua zikifika mwezi wa sita, nchi nzima inageuka kijani kwa wiki moja.

"Na upo mti uitwao mahua," alisema. "Maua yake ni manene, meupe kama maziwa, matamu kama zabibu. Hudondoka alfajiri. Wanawake na watoto huamka na vikapu kuwahi kuyaokota kabla dubu hawajaja, maana dubu nao wanayapenda." Ghafla akaweka mkono mdomoni. "Mars! Mahua hudondoka mwezi wa tatu. Anaukumbuka mwezi wa tatu wa kwao."

Wote wawili walimtazama mzee yule aliyekuwa akipiga ncha ya kijiko kwenye ukingo wa bakuli, na wote wawili wakalia.

Kesho yake, kabla ya kuingia kazini, Léontine alipita kwenye duka la kituo cha biashara cha Farsta akanunua zabibu kavu. Alizilowesha maji ya uvuguvugu mpaka zikavimba, akaziweka kwenye kisahani mbele ya Bibi Rut, akamwambia kwa sauti ya kubembeleza, "Mars, bibi. Mars."

Bibi Rut alitazama zabibu. Akatazama mlango. Akapindua kisahani, akanyakua kijiko cha mbao na kukisukuma chini ya makalio yake, machozi yakimtoka bila sauti.

Léontine aliokota zabibu moja moja sakafuni. Alijua kwamba hadithi ile nzuri waliyoiunda haikuwa ya bibi.

Alimpigia Gunvor. "Tafuta mtu anayejua Kigondi," alisema. "Hata akiwa mwisho wa dunia."

* * *

Gunvor aliandika barua kwa kanisa la Chhindwara. Baada ya wiki tano likaja jibu la mwalimu mmoja mstaafu, bwana Parteti, Mgondi mwenyewe, na namba yake ya simu. Gunvor alikuwa na mafua, na wenye mafua hawakuruhusiwa kuwatembelea wazee. Hivyo asubuhi moja ya Desemba walikuwa watatu tu chumba namba sita: Bibi Rut kwenye mito yake, Léontine ukingoni mwa kitanda, na Muthoni ameshika simu yenye sauti iliyofunguliwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua Kiingereza.

Mwalimu Parteti alimsalimu Muthoni kwanza. Kisha akasema sentensi moja kwa lugha nyingine, polepole.

Bibi Rut aliacha kutafuna. Kichwa chake kiligeuka, si kuelekea simu bali kuelekea dirisha, kana kwamba mtu amesimama nje kwenye theluji. Mwalimu akarudia. Ndipo bibi alipojibu, kwa sauti ambayo Léontine hakuwahi kuisikia, nyembamba, ya kitoto. Akajiinua mwenyewe mpaka akaketi wima, jambo ambalo hakulifanya tangu kiangazi. Wakazungumza dakika ishirini. Wakati mwingine yeye ndiye aliyekuwa akisema mfululizo na mwalimu akiitikia. Wakati mwingine aliuliza, na mwalimu alikuwa akinyamaza kidogo kabla ya kujibu. Neno "mars" lilipita mara nyingi. Mwishowe alichoka, akalala na mkono wake juu ya goti la Léontine.

"Bado mko hapo?" mwalimu aliuliza kwa Kiingereza.

Muthoni alisikiliza, akawa anamgeuzia Léontine kwa Kiswahili, kidogo kidogo.

"Anasema mars si mwezi. Ni shoka."

"Shoka?"

"Shoka. Anasema bibi anarudia hivi: ficha shoka, askari wa msitu anakuja."

Mwalimu aliendelea, na Muthoni, ambaye kwa kawaida hakosi la kutania, hakutania. Zamani, mwalimu alisema, mti haukuwa na mwenyewe. Wafalme wa Deogarh walipoondoka walikuja Wamaratha, na baada yao Waingereza, na Waingereza ndio waliokuja na minyororo ya kupimia ardhi. Waliweka mawe meupe kuzunguka vilima, wakaipiga misaji namba, wakaikata kwa ajili ya njia za reli. Aliyezaliwa ndani ya msitu akaamka siku moja akaambiwa yeye ni mwizi ndani yake.

"Baba yake alikata msaji mmoja ili achonge plau," Muthoni alisema. "Bibi alikuwa na miaka minane. Waliona askari wanapanda kilima, na baba yake akamrushia shoka, akamwambia alifiche. Yeye akalichomeka ndani ya kapu la maua... ya nini tena? Ya mahua. Mpini ukabaki nje. Kidogo tu, anasema, kama kidole. Wakauona."

Nje ya dirisha basi lilisimama na kuondoka.

"Baba yake walimpiga hapo hapo uani, wakaondoka naye. Hakurudi. Mama yake alikufa masika yale yale, ndipo misheni ikamchukua." Muthoni alisikiliza tena. "Ameuliza kijiji chao kikoje. Mwalimu amemwambia kipo, na mahua bado imesimama."

"Ipo?"

Muthoni aliuliza kwenye simu, akasubiri.

"Haipo. Kijiji kiko chini ya maji tangu lilipojengwa bwawa la umeme. Watu walihamishwa kwa malori. Anasema msamehe, hakuweza kumwambia."

* * *

Léontine alikwenda chumba cha mashuka, akafunga mlango, akakaa juu ya kikapu cha nguo chafu.

Miaka saba aliyokaa Sweden alikuwa na hadithi moja ya baba yake aliyopenda kuisimulia. Aliisimulia kwanza darasani alipokuwa akijifunza Kiswidi, walipoambiwa kila mtu ataje kazi ya mzazi wake. Alisema baba yake, Paskali, alikuwa askari wa hifadhi, akilinda msitu na sokwe wakubwa. Mwalimu wa Kiswidi alifurahi mpaka akawaambia wenzake wampigie makofi, nao wakapiga. Tangu siku hiyo akawa anaisimulia kila penye nafasi, kazini, kanisani, hata kwa daktari wa meno.

Hakuwahi kusimulia kuni. Nyuma ya jiko lao palikuwa na rundo refu la kuni ambazo baba yake na wenzake waliwanyang'anya watu waliotoka msituni. Mama yake alipikia kuni hizo, na chakula kilikuwa kitamu. Kando ya rundo palikuwa na mapanga na mashoka yaliyofungwa pamoja kwa kamba. Yeye Léontine ndiye aliyekuwa akipiga pasi sare ya kijani ya baba kila Jumapili jioni, na alijivunia mikunjo yake iliyonyooka. Siku moja, akiwa na miaka kumi, alikuja mwanamke mjamzito, akapiga magoti uani akiomba arudishiwe panga lake. Baba hakuwapo. Léontine alikuwa amevaa kofia ya baba kwa mchezo. Alisimama mlangoni na kofia ile kichwani, akamwambia yule mwanamke: hapa hakuna kitu chako, toka. Mwanamke akainuka, akajipangusa magoti, akaenda zake.

Alikuwa hajamfikiria mwanamke yule kwa miaka ishirini na mitano. Sasa aliona hata kitenge alichovaa.

Jumapili, baada ya ibada, nyumbani kwake Jordbro, alimpigia baba yake Bukavu. Mumewe Désiré alikuwa amelala. Binti yao Précieuse alikuwa mbele ya televisheni, na mama yake alipomwambia kwa Kiswahili apunguze sauti, alijibu kwa Kiswidi, "Tayari nimepunguza."

Mzee Paskali aliuliza habari ya baridi, ya kazi, ya mtoto. Léontine akajibu yote. Kisha akauliza:

"Baba, wale batu mulikuwa munakamata na kuni kule msituni, nyuma yake walikuwa wanaenda wapi?"

"Wapi? Kwao."

"Kwao wapi, baba? Kwao si kulikuwa mule mule ndani, mbele hifadhi haijakuja?"

Simu ilinguruma. Alisikia jogoo, na mtu anayefagia.

"Nani amekuuliza maneno hiyo?"

"Hakuna. Ni mie."

"Léontine, weye ulisoma na mushahara ule. Viatu ulivaa, masista walilipwa. Tulipewa amri, na sie tulikuwa na watoto."

"Minajua, baba. Aksanti kwa masomo."

"Basi usiniulize sawa weye ni mchungaji."

Kisha sauti ya mzee ikashuka chini sana, kama mtu anayezungumza na sakafu.

"Mumoja alikufa. Hatukumupiga sana. Alikuwa muzee, hatukujua ako na ugonjwa. Mama yako sikumuambia." Akakohoa. "Kule kwenu teluji imeanguka?"

"Imeanguka, baba," Léontine alisema. "Imeanguka mingi."

* * *

Jumatatu alimwomba Muthoni wampigie tena mwalimu Parteti. Bibi Rut alikuwa amelala. Léontine alitaka sentensi moja ya Kigondi, fupi, ambayo ulimi wake ungeweza kuishika.

"Mwambie nataka kujua wanavyosema: hawajaliona, liko salama."

Muthoni alimgeuzia.

"Anasema, lakini waliliona, dada."

"Najua waliliona. Mwambie najua."

Mwalimu akasema sentensi hiyo pole pole, mara nne, na Léontine akaiandika kwa herufi za Kifaransa nyuma ya karatasi ya ratiba ya chakula. Akaisoma mpaka mwalimu akasema inatosha, mtoto wa kijijini angeielewa.

Akamwendea na Kjell pia. Alimweleza kwa ufupi kuhusu askari, sare na funguo. Kjell alisikiliza huku akikunja na kukunjua glavu zake. Siku iliyofuata alikuja na sweta jekundu la Krismasi lenye picha ya paa kifuani, na funguo amezifunga kwa kitambaa ndani ya mfuko. Alivaa hivyo mpaka mwisho.

Léontine alisubiri siku ambayo Bibi Rut ataanza tena. Haikukawia. Toroli la chakula lilisukumwa koridoni, vyuma vikagongana, na bibi akashtuka na kunyakua kitana. "Mars, mars!" Léontine alipiga magoti kando ya kitanda, akamshika mkono ule uliokuwa unasukuma kitana chini ya shuka, akasema sentensi yake.

Bibi Rut akamtazama. Macho yake yalimpita usoni kote, kama anatafuta mahali alipowahi kuuona uso huo. Léontine akasema tena. Vidole vya bibi vikalegea kimoja kimoja. Aliachia kitana, akashusha pumzi ndefu, akaegemea mto.

Ikawa desturi. Kila zamu Léontine aliisema sentensi ile asubuhi, wakati wa kumwogesha, na kabla ya kuondoka kuwahi treni. Muthoni aliiandika kwenye daftari la zamu ili wengine nao waiseme, na wengine waliisema kwa lafudhi za ajabu, za Kihabeshi, za Kifini, na ilifanya kazi hata hivyo. Daktari akapunguza vidonge. Bibi alikula. Aliruhusu kusukwa.

Lakini Léontine hakupata amani. Kila alipotamka yale maneno aliona rundo la kuni nyuma ya jiko. Siku moja wakiwa wawili tu, akimkausha miguu, alimsimulia yote kwa Kiswahili: sare, pasi, kofia, mwanamke wa kitenge, mzee aliyekufa. "Mie ni mtoto wa askari, bibi," alisema. "Yule unayemficha shoka, mie ni mtoto wake." Bibi Rut alikuwa akizitazama nukta za buluu kwenye vifundo vyake, akizigusa kwa kidole kama anayehesabu. Hakuelewa hata neno. Léontine alimvalisha soksi.

* * *

Baridi ya mwaka ule ilikuwa kali kuliko kawaida. Treni zilikwama relini, na mara mbili Léontine alifika kazini amechelewa saa nzima. Mwishoni mwa Januari Bibi Rut alipata homa ya mapafu. Daktari alisema hawatampeleka hospitali. Wampe nafuu hapo hapo.

Siku ya tatu ya homa, adhuhuri, Léontine alimlowesha midomo kwa maji na kusema sentensi yake kama kawaida. Safari hii bibi alimjibu. Alifungua macho, akanyoosha mkono, akamshika Léontine sikio, kwa upole, jinsi mama anavyomshika mtoto anayemweleza jambo la maana. Akasema maneno mengi, taratibu, bila hofu. Akasubiri. Alipoona hajajibiwa, akayasema tena yote, akayamaliza, akafunga macho.

Léontine alichukua kalamu akaandika sauti zile kama alivyozikumbuka, kwenye boksi la glavu. Alitoka mbio kumtafuta Muthoni.

Simu ya mwalimu Parteti ilipokewa na mwanamke. Alikuwa binti yake. Baba alipooza upande mmoja wiki mbili zilizopita, alisema. Yuko hospitali ya Nagpur. Anaona, anasikia, hasemi.

"Mwulize yeye," Léontine alisema. "Nitamsomea, atuambie maana yake."

Alisoma kutoka kwenye boksi, neno kwa neno.

"Anaomba radhi," Muthoni alisema hatimaye. "Kigondi hajui. Baba yake hakuwafundisha. Alitaka wafaulu shuleni, na shule ilikuwa ya Kihindi."

Bibi Rut alifariki siku mbili baadaye, tarehe mosi Februari, saa nne asubuhi, Léontine akiwapo. Hakusema tena neno lolote.

Walimzika Skogskyrkogården, makaburi yaliyo ndani ya msitu wa misonobari, vituo vichache tu vya treni kutoka Farsta. Waliokuja walikuwa wanne: Gunvor, Muthoni, Kjell na Léontine. Ardhi iliganda hata mashine ilitumika kuchimba. Mchungaji alisoma jina Rut Uikey na kukosea kulitamka. Theluji ilikuwa ikidondoka matawini, na kila mmoja wao aliweka ua moja, kwa kuwa maua mengi yangeungua kwa baridi.

Baadaye Gunvor aliwakaribisha kahawa kwenye mkahawa mdogo karibu na kituo. Kjell aliaga mapema, akarudi kazini. Muthoni alitoka nje kupokea simu. Gunvor alikizungusha kikombe chake bila kunywa.

"Léontine, nataka kukuuliza kitu, uniambie ukweli. Katika miezi hii ya mwisho, alitutaja? Mimi, au kaka yangu? Alinilisha, alinivusha ugonjwa wa surua, alinifundisha kusuka nywele. Miaka yote ile nilimwita mama wa pili. Alitutaja?"

Léontine alikumbuka dakika zile ishirini za simu, na majina yote aliyoyataja bibi, ya baba, ya mama, ya kijiji. Alikumbuka pia yale maneno ya mwisho yaliyobaki kwenye boksi la glavu, ambayo huenda yalikuwa na Gunvor ndani yake, na huenda hayakuwa naye. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Alikuwa amezoea kusema la kumtuliza mtu.

"Sijui," alisema. "Sikujua lugha yake."

Gunvor aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Akafungua mkoba atafute kitambaa, asikione, akajifuta kwa karatasi ya mkahawa. Léontine alimshika mkono juu ya meza, wakakaa hivyo mpaka Muthoni aliporudi na kusema treni ya kwenda kusini inaingia.